Pima Gorogoro Kwanza

Mwaka niliofanya utafiti wangu wa uzamili nilishuka Marikiti ya Machakos asubuhi moja nikiwa na hojaji 120 kwenye mkoba na kalamu za kugawa. Kila hojaji ilikuwa na vipengee 42, na kila kipengee masanduku matano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Mada ilikuwa ndefu kama garimoshi la mizigo: athari za mbinu za usimamizi wa fedha kwa utendaji wa biashara ndogo katika mji wa Machakos.

Mama mmoja aliyeuza ndengu na mbaazi alinipokea vizuri. Akatia alama kwenye sanduku la nne, akampimia mteja, akatia nyingine kwenye sanduku la nne, akatafuta chenji, kisha akauteremka ukurasa wote kwa sanduku la nne, alama zimenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Kipengee cha 17 kilisema anaweka kumbukumbu za mauzo kila siku. Cha 23 kilisema hana haja ya kuweka kumbukumbu. Alivikubali vyote viwili.

Alipomaliza akaniuliza, "Sasa wewe msomi, nieleze. Mbona nikinunua gunia la kilo 90 nikauza kwa gorogoro, pesa hairudi ile niliyopigia hesabu?"

Katika vipengee 42, hakuna hata kimoja kilichogusa swali hilo.

Siku hizi ni mimi ninayesoma mapendekezo ya utafiti ya wengine: wanafunzi wa usimamizi, uhasibu na ujasiriamali. Wengi wanaishi na kufanya kazi katika kaunti hii ya Machakos, kuanzia Mlolongo na Athi River hadi Matuu na Masii. Wana bidii na wanaujua mtindo wa sura tano. Kila tasnifu ina mchoro wa masanduku na mishale, na kila moja inakitaja kitabu cha mbinu za utafiti cha Mugenda na Mugenda kabla ya ukurasa wa 40. Kinachokosekana mara nyingi ni gorogoro. Ushauri wangu wote unatoka kwenye mkebe huo, kwa hiyo niruhusu nimalizie hadithi yake kwanza.

Hesabu ya mkebe

Kwa msomaji asiye wa huku: gorogoro ni mkebe wa kilo 2 uliokuwa wa mafuta ya kupikia, na ndicho kipimo cha nafaka katika masoko mengi ya Kenya. Mama yule alinunua ndengu kwa shilingi 100 kilo, gunia likawa 9,000. Gorogoro aliiuza 240. Kichwani mwake gunia lilikuwa mikebe 45, mauzo 10,800, faida 1,800 kabla ya kulipia mbebaji na ushuru wa soko.

Jioni nilirudi bila hojaji. Tukaenda kuazima mizani kwa muuza nyama, tukapima mkebe mtupu, kisha tukaujaza jinsi anavyomjazia mteja, na kichuguu juu. Tulipotoa uzito wa mkebe, ndengu zilikuwa kilo 2 na gramu 200. Gawanya 90 kwa 2.2: unapata karibu mikebe 41, wala si 45. Mauzo yanashuka hadi takriban 9,800, na faida inabaki kama 800. Shilingi 1,000 za kila gunia zilikuwa zimekaa juu ya mdomo wa mkebe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama huyu daftari alikuwa nalo, tena safi, la mauzo upande mmoja na la madeni upande wa pili: "Mwalimu 180, Boda 60". Mali ilipotea hivyo hivyo, kwa sababu daftari liliandika pesa iliyoingia kwenye kopo na halikuandika nafaka iliyotoka na nyongeza. Hapo ndipo uhasibu wa gharama unapoanza, na ndipo utafiti wangu ulipaswa kuanza.

Tafuta swali kabla ya mada

Ushauri wa kwanza: usiandike kichwa cha tasnifu kabla hujakaa siku tatu nyuma ya meza ya mtu. Omba ruhusa, kaa pembeni, saidia kufunga mifuko. Andika mambo matatu tu: anachokihesabu, anachokilalamikia, na mahali pesa au bidhaa inapobadilisha mikono. Siku ya tatu utakuwa na maswali kumi. Chagua lile ambalo mwenye biashara angefunga duka nusu saa ili asikilize jibu lake. Kama hakuna lolote la aina hiyo, ongeza siku ya nne.

Swali la gorogoro, kwa mfano, lina tasnifu nzima ndani yake. Je, nyongeza ni mvujo wa kuzibwa au ni gharama ya kumvuta mteja? Akiacha kujaza kichuguu, wateja watahamia meza ya jirani? Mteja huiona tofauti ya gramu 200, au huangalia tu kama mkono wa muuzaji ni mzito? Hapo usimamizi wa gharama na masoko vimekutana kwenye mkebe mmoja, na kila jibu linaweza kupimwa.

Nadharia ije baada ya swali, na ije kufanya kazi. Nimeona nadharia ya uwakala, ile ya Jensen na Meckling ya mwaka 1976, ikining'inizwa kwenye sura ya pili kama pazia, isiguswe tena hadi ukurasa wa mwisho. Lakini mtazame shangazi anayemwachia mpwa wake duka la vifaa vya ujenzi pale Kyumbi na kushinda Nairobi. Mpwa anajua kilichouzwa, shangazi anajua anachoambiwa. Hapo nadharia ina mahali pa kusimama: inakuambia utafute nini, kwamba upime pengo kati ya stoki iliyoandikwa na stoki iliyoko kwenye rafu, na uone kama pengo hilo hupungua shangazi akianza kuhesabu misumari kila Jumamosi.

Hesabu unachoweza kuhesabu

Kipimo cha masanduku matano kilibuniwa na Rensis Likert mwaka 1932 kwa ajili ya kupima mitazamo. Ukitaka kujua mtazamo, kitumie. Faida, madeni na stoki si mitazamo. Ukimuuliza mtu kama anakubali kwamba biashara yake imekua, atakujibu kwa adabu, hasa ukiwa umevaa vizuri na umempa kalamu.

Utafiti mmoja uliofanyika magharibi mwa Kenya unafaa kubandikwa ukutani kwa kila mwanafunzi. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, katika makala yao ya mwaka 2014, walishughulikia jambo dogo kuliko yote: chenji. Mteja anakuja na noti kubwa, muuzaji hana chenji, ama anakimbia kuitafuta ama mteja anakwenda zake. Walipohesabu faida iliyopotea kwa njia hiyo, ilifikia kama asilimia 5 hadi 8 ya faida yote. Zaidi ya hapo, kule kuwatembelea wafanyabiashara kila wiki na kuwauliza tu habari za chenji kuliwafanya wengi waanze kuja nayo asubuhi. Kumbe hawakuwa wameshindwa, walikuwa hawajalitazama. Leo till na M-Pesa vimepunguza shida ile, lakini fundisho liko pale pale. Tafuta uvujaji mdogo unaojirudia kila siku, uhesabu, umwonyeshe mwenyewe.

Utasema: wafanyabiashara hawataji mauzo yao. Ni kweli, na wana sababu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Milioni 1 kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku, kiasi ambacho duka la kawaida la rejareja linaweza kukivuka kabla ya saa nane mchana. Mgeni mwenye karatasi anayeuliza "unauza kiasi gani?" anafanana sana na mtu wa mamlaka ya kodi, KRA, au wa kaunti.

Kuna njia za kupita hapo. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walilijaribu swali hili kwa wafanyabiashara wadogo wa Sri Lanka na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Waligundua kuwa watu hupunguza mauzo wanayoyataja kwa kama asilimia 30, na kwamba kumwuliza mtu moja kwa moja amebaki na faida ya shilingi ngapi hutoa jibu la kuaminika zaidi kuliko kumtajisha mauzo na gharama kisha ukatoa wewe. Kwa hiyo uliza faida. Tena uliza ya wiki iliyopita, si ya mwaka mzima, maana hakuna anayeukumbuka mwaka. Na pale unapoweza, usiulize kabisa: hesabu magunia yaliyoingia na magunia yaliyobaki.

Orodha ya leseni haitoshi

Karibu kila pendekezo ninalolisoma linasema hivi: mtafiti atachukua orodha ya biashara zilizosajiliwa kutoka ofisi ya kaunti, atumie fomula ya Yamane, apate sampuli. Fomula haina kosa. Shida iko kwenye orodha.

Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilifanya uchunguzi wa biashara ndogo nchini mwaka 2016. Lilikuta biashara milioni 7.4, na kati ya hizo zenye leseni zilikuwa takriban milioni 1.56 tu. Ukianzia kwenye orodha ya leseni umeacha nje karibu biashara nne katika kila tano, na hizo ndizo zisizo na mlango wala rafu: mwenye maembe kwenye karai, fundi wa viatu chini ya mti, kijana wa mahindi ya kuchoma kwenye stendi ya matatu. Hakuna ubaya kuchunguza zenye leseni peke yake. Ubaya ni kuandika mwishoni kwamba matokeo yako yanahusu "biashara ndogo za Machakos".

Kuna walioachwa nje kwa namna nyingine pia. Uchunguzi ule ule ulikadiria kwamba biashara kama milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Ukiwahoji walio wazi leo kuhusu siri za kudumu, unamwuliza aliyevuka mto habari za mamba. Atakuambia hakuna mamba. Kwa hiyo watafute waliofunga. Si vigumu: jirani wa kibanda chenye kufuli iliyoota kutu anajua mwenyewe alikwenda wapi, na mara nyingi yupo soko lile lile, anauza kitu kingine. Wahojiwa kumi wa namna hiyo watakufundisha mengi kuhusu mtaji, mikopo na ada za shule kuliko hojaji 100 za walio wazi.

Kama mada yako ni mafunzo

Wanafunzi wa ujasiriamali hupenda mada ya mafunzo: je, kumfundisha mfanyabiashara kunamsaidia? Hapa una bahati, kwa sababu mifano mizuri iko karibu kuliko unavyodhani.

David McKenzie na Susana Puerto walifuatilia wanawake 3,537 katika masoko 157 ya mashambani kwenye kaunti nne za Kenya. Moja ya hizo ni Kitui, jirani yetu wa mashariki. Baadhi ya wanawake walipewa mafunzo ya siku tano yaliyotayarishwa na Shirika la Kazi Duniani, wengine hawakupewa. Miaka mitatu baadaye waliofunzwa walikuwa na mauzo ya juu kwa asilimia 18 na faida ya juu kwa asilimia 15. Jambo la kuiga ni kwamba watafiti waliwapima hata wale wasiofunzwa waliokuwa kwenye masoko ya waliofunzwa. Waliogopa kwamba mama aliyefunzwa angekuwa amewanyang'anya tu wateja majirani zake. Haikuwa hivyo, soko lenyewe lilikuwa limekua.

Sasa linganisha na Dandora, Nairobi. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kulinganisha darasa na mshauri. Kundi moja la wanawake wenye biashara changa lilifundishwa darasani. Kundi jingine kila mmoja aliunganishwa na mfanyabiashara aliyefanikiwa wa mtaa ule ule. Darasa halikuongeza faida. Ushauri uliiongeza kwa kama asilimia 20, hasa kwa sababu mshauri alijua wapi pa kununua kwa bei nafuu. Wawili hao walipoacha kuonana, faida ile ikayeyuka.

Kwenye zile kaunti nne darasa lilisaidia, Dandora halikusaidia. Mwanafunzi mvivu atachagua moja la kutaja katika sura ya pili na kulificha la pili. Mwanafunzi mwerevu atasema: hapa ndipo penye swali langu. Ni kipi kilichotofautiana, mtaala, walimu, soko, au muda wa kungoja kabla ya kupima?

Usiseme kwamba tafiti hizi zina fedha nyingi nawe huna. Wazo lake halihitaji fedha. Tafuta wauza nafaka 20 walio tayari. Wapigie kura mbele yao, kumi wapime gorogoro kwa kusawazisha mdomo, kumi waendelee na kichuguu. Pima kila siku ya soko kwa wiki sita. Watu 20 hawatakuruhusu kusema lolote kuhusu kaunti nzima, na useme hivyo wazi. Ila kupima mara nyingi kunasaidia: McKenzie alieleza mwaka 2012 kwamba kwa vitu vinavyoyumba kama faida, kumrudia mtu mmoja mara nyingi huongeza uwezo wa kuiona tofauti. Kumrudia mtu hakukugharimu zaidi ya nauli na uvumilivu.

Wastani huficha

Machakos yenyewe ni maarufu katika vitabu vya uchumi, na wanafunzi wetu wengi hawajui. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, iliyokuwa pamoja na Makueni ya leo, kati ya mwaka 1930 na 1990. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni walikuwa wameiona nchi hii kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Watafiti hao walichukua picha za mwaka 1937, wakaenda sehemu zile zile na kupiga nyingine. Watu walikuwa wameongezeka kama mara tano, vilima vimejaa matuta, na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda. Wakulima walikuwa wamewekeza, wengi kwa pesa za mishahara na biashara za mjini.

Kisha akaja John Murton, ambaye mwaka 1999 alichapisha utafiti wa kule Mbooni. Hakupinga kwamba wastani umepanda. Aliuliza umepanda kwa nani. Alikuta wenye kipato cha nje ya shamba wakiongeza ardhi na kuitunza, huku wasio na kipato hicho wakibaki nyuma.

Lichukue hilo hadi kwenye jedwali lako. Programu ya takwimu itakupa wastani wa faida kwa sekunde moja. Kabla ya kuuandika, wapange wahojiwa wako kuanzia wa chini hadi wa juu uwatazame mmoja mmoja. Pengine wauzaji wawili wenye duka la jumla ndio waliobeba wastani wote, na wale 18 hawakusogea.

Kibali, siri na deni

Mambo ya ofisini nayapitia haraka. Pata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla ya kuingia sokoni, na uripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kama inavyotakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye daftari: usichukue majina na namba za simu usizozihitaji, na usizitumie kwa jambo ambalo mwenyewe hakulikubali. Jarida likikuahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku tatu mradi umetuma ada, hilo ni duka la risiti. Mwonyeshe msimamizi wako kabla hujatuma senti.

Kuna deni moja ambalo hakuna ofisi inayolidai, na ndilo kubwa. Yule aliyekupa muda wake hajasikia jibu. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili au Kikamba, bila jedwali, urudi sokoni uusome kwa sauti. Ukishindwa kuueleza utafiti wako kwa ukurasa mmoja kwa mtu anayepima ndengu, huenda wewe mwenyewe hujauelewa.

Mimi nilichelewa kulipa. Tasnifu yangu ilipita, hojaji zote 120 zikiwa zimehesabiwa kwa desimali tatu. Miezi kadhaa baadaye nikarudi kwa mama yule na ukurasa wangu. Nilikuwa nimeandika pendekezo moja: asawazishe mdomo wa mkebe kwa kibao, aokoe shilingi 1,000 kwa gunia.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akimjazia mteja, kichuguu kikiwa kirefu kama zamani. Kisha akaniambia kibao alikuwa amekijaribu wiki ile ile tuliyopima, siku mbili. Wateja walikuwa wakisimama, wakiutazama mkebe, wakienda. Akakitupa kibao, akarudisha kichuguu, akapandisha bei kutoka 240 hadi 260.

"Bei wanajua hupanda," alisema. "Mkono wangu hawajazoea upungue."

Nilitoa kalamu, nikakaa kwenye gunia, nikamwomba aanze tena tangu siku ya kwanza ya kibao.